Kumchora Mama Akipepeta

Picha ya mama ilikuwa moja tu, ya harusi ya jirani. Ilipigwa Ifakara mjini, nje ya kanisa, watu wamepangwa mistari mitatu, na mama yuko mstari wa nyuma. Mbele yake alisimama mjomba wa bwana harusi, amevaa kofia pana, na mpiga picha alipobonyeza, kofia ile ikamziba mama kuanzia nyusi hadi kidevu. Kinachoonekana ni kilemba chake na kipande cha bega. Alipokuwa hai tuliicheka sana picha hiyo. Yeye mwenyewe aliwaonyesha wageni. "Mimi hapa," alikuwa akisema, "nyuma ya kofia."

Alikufa kwa homa wakati wa masika, mdogo wangu akiwa bado ananyonya. Mimi nilikuwa nimeshamaliza darasa la saba, niko nyumbani. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miti Uchindile, anarudi kwa treni anapopata nafasi. Baada ya matanga wazee walikaa wakaamua mtoto alelewe na mama mkubwa, dada yake mama, kule Michenga, na mimi nibaki mjini nitafute riziki. Uamuzi ulikuwa mzuri na siulaumu hadi leo. Mama mkubwa ni mama. Alimlea mdogo wangu kama aliyemzaa, na mtoto alipoanza kusema, neno "mama" alimwita yeye. Nilifurahi, kisha nikaenda kuchota maji nikalia peke yangu.

Alipokuwa anaongea sawasawa nilimwonyesha ile picha. Aliisogeza karibu na pua.

"Dada, mama ni hii kofia?"

"Hapana. Mama yuko nyuma yake."

Akaigeuza picha, akaangalia nyuma. Kulikuwa na karatasi nyeupe tu na alama ya gundi. Akanirudishia, akaenda kucheza.

Hapo ndipo nilipoamua kumchora mama. Nilitaka mtoto amwone, na nilitaka kufanya hivyo mapema, kwa sababu nilishaanza kugundua kwamba mimi mwenyewe nikifumba macho simpati mama mzima. Napata sauti, napata harufu ya moshi kwenye kanga, uso hauji. Jambo hilo sikumwambia mtu. Na kuchora nilikuwa sijui.

Nilikuwa nauza chai na vitumbua kwenye vibanda vya mafundi karibu na soko la Ifakara. Mmoja wa wateja wangu alikuwa fundi wa mabango, mtu wa makamo, aliyekuja bondeni kwetu zamani kukata miwa kule Kidatu, akaishia kuandika namba kwenye matela ya miwa, halafu akafungua kibanda chake mjini. Aliandika majina ya maduka, alichora vichwa vya saluni, ng'ombe wa mabucha, na samaki kwa wauza samaki. Nikawa nachelewa kuondoka kibandani kwake. Kwanza nilimshikia ngazi. Baadaye akanipa brashi nijaze rangi ndani ya herufi alizochora yeye. Nilikuwa na mkono mtulivu, sikuvuka mstari, na msimu ule ulipokwisha nilikuwa nimeacha vitumbua.

Mafundi baiskeli wa kibanda cha jirani hawakutuacha tupumzike, tangu nikiwa bado nauza vitumbua.

"Fundi, huyu umemwajiri au umemwoa?"

"Nimemwajiri," fundi alijibu bila kugeuka. "Ningekuwa nimemwoa, ningekuwa nakula chakula cha moto, si vitumbua vya jana."

"Vitumbua ni vya leo," nilisema. "Na hukuacha hata kimoja."

Walinicheka yeye na wao, lakini tangu siku hiyo waliniita fundi mdogo, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyoonyesha.

Mama wa kwanza nilimchora kwa namna niliyomwona fundi akichora watu wa saluni. Yeye alikuwa na kipimo chake: duara kama yai, mstari katikati kwa macho, mwingine chini kwa pua, midomo, shingo ndefu, basi. Nilifuata kipimo hicho kwenye kipande cha bati, nikamvika mama kilemba na kanga aliyoipenda, nikaipeleka Michenga imefungwa kwenye gazeti. Mama mkubwa aliisogeza mbali, akaileta karibu, akanirudishia.

"Amependeza," alisema. "Anasukwa wapi?"

"Mama mkubwa, ni mama huyu."

"Mwanangu, mdogo wangu namjua. Tumelala mkeka mmoja. Huyu ni mteja wa saluni."

Hakuwa na ubaya, alisema kweli. Nilirudi mjini nikalitazama lile bati kibandani, kisha nikatazama vichwa vya saluni vilivyoegemezwa ukutani vikisubiri kukauka, nikaona ni ndugu wa tumbo moja.

Nilimweleza fundi. Alifuta brashi kwenye kitambaa. Alikuwa mtu anayejua mwisho wa ujuzi wake.

"Mimi sichori watu," alisema. "Mimi naandika watu, kama ninavyoandika 'Duka la Nguo.' Kila mtu anasoma, anajua hiki ni kichwa. Ukitaka mtu fulani, itabidi umtazame. Na usimtazame uso."

"Nimtazame nini?"

"Anachofanya. Kaa pale sokoni. Mtu akipita, chora kile anachofanya kabla hajapita. Akishapita, acha."

Alinipa mifuko mitupu ya saruji. Niliichana, nikakung'uta vumbi, nikapata karatasi ngumu ya kaki. Mkaa niliutoa jikoni. Nilikaa pembeni ya wauza mchele asubuhi, kabla ya kazi, nikajaribu. Mwanzoni kabla sijamaliza kichwa, mtu ameshafika stendi. Nilikuwa naanza na kichwa kwa sababu bango huanza na kichwa. Nikajifunza kuanza na mstari mmoja, kutoka shingoni kupita mgongoni hadi kwenye mguu uliobeba uzito. Mtu aliyebeba gunia ana mstari wake. Mtu anayedanganya bei ya mchele anaegemea mbele, na mnunuzi asiyeamini anaegemea nyuma. Mstari huo ukishaukamata, mikono na miguu inajileta yenyewe. Ukiukosa, hata uchore vidole vyote na kucha zake, umechora nguo iliyotundikwa.

Wauza mchele walizoea. Mmoja alikuwa akinisalimu kwa kusimama kiuno upande. "Nichore, nichore, lakini unipunguze tumbo." Nilimchora bila kumpunguza. Alilitazama lile kaki, akacheka, akawaita wenzake, na wote walijua ni yeye ingawa uso sikuwa nimeuweka hata nukta. Nilirudi kibandani nikitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Nikaona sasa naweza. Mama mkubwa alifanana na mama kwa umbo, mabega yale yale, shingo ile ile. Nilikwenda Michenga nikamwomba akae mbele yangu, atulie, nimchore taratibu, halafu nitabadilisha yale machache yaliyowatofautisha. Ulikuwa wakati wa palizi.

"Nikae tu? Bila kufanya kitu?"

"Bila kufanya kitu."

"Mchana huu, na majani yale shambani?"

Alikubali kwa sababu ya mapenzi. Alitandika mkeka uani, akakaa akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani kwa ajili ya jua, akatulia kama nilivyomwomba, hasemi. Mimi nilikaa mbele yake kwenye kinu kilicholazwa, nimeinama juu ya karatasi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika mabegani, jirani mmoja akapita njiani na jembe. Alisimama. Alituangalia. Akaondoka haraka. Sikumjali.

Baada ya muda waliingia wanawake watatu, kanga wamezifunga kiunoni, hawazungumzi. Mmoja ana fungu la kuni kichwani. Mwingine alikuja moja kwa moja hadi mkekani, akapiga magoti, akamshika mama mkubwa mkono.

"Pole, dada. Pole sana. Tumesikia sasa hivi. Ni shemeji wa Uchindile?"

Mama mkubwa alimtazama, akanitazama mimi, na mimi nikaelewa nilichofanya. Kwetu mwanamke mzima hakai mkekani mchana wa palizi, miguu imenyooka, kanga kichwani, kimya, ila kuna msiba. Na nyumba yetu ilikuwa imeshafiwa. Watu walimwona mwenye huzuni na mbele yake binti wa marehemu ameinamisha kichwa, wakafikiri ni baba yangu.

"Hakuna aliyekufa," mama mkubwa alisema. "Nachorwa."

Yule mwenye kuni alizitua taratibu. "Unachorwa?"

"Mwanangu ananichora. Kaniambia nikae kama mfiwa."

"Sikusema hivyo," nilijitetea.

"Ulisema nikae bila kufanya kitu. Ni nini kingine hicho?"

Mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikawashika wote hadi mama mkubwa akalala chali mkekani. Kuni walituachia. "Kuni za msiba hazirudi nyumbani," alisema aliyezileta, "zipikieni maharage." Mimi nilicheka nao, lakini kwa dakika ile moja nami nilikuwa nimeamini kwamba baba amekufa na wao wamewahi kusikia kabla yangu.

Karatasi ile niliitazama njiani nikirudi. Wanawake wale walikuwa sahihi. Nilichokuwa nimekianza kilikuwa picha ya mfiwa. Mwili ulikuwa wa mama, mabega ni yake, lakini hakuwahi kukaa hivyo ila siku za huzuni, na siyo hizo nilizotaka mdogo wangu azijue. Mtu wa bonde hili ukitaka kumchora mzima, usimtulize. Hilo fundi hakunifundisha. Nililipata kwenye fungu la kuni.

Jambo la pili nalo nililipata Michenga, na hili ndilo ninalojivunia zaidi. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa shamba, nikichora wapaliliaji, na watu wangu wa mbali walikuwa wanakataa kukaa mahali pao. Nikiwachora wadogo wanaelea, nikiwashusha wanazama. Nikaacha kuchora nikatazama tu. Tambarare ile haina mwinuko hadi uifikie milima. Mwanamke mmoja wa karibu alisimama kunyoosha mgongo. Wa mbali naye akasimama, na wa mbali zaidi ambaye nilimwona kama kijiti. Vichwa vyao vilikuwa kwenye mstari mmoja. Aliye karibu na aliye mbali, vichwa sawasawa, kama vimepangwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Tofauti ilikuwa miguuni tu: wa karibu miguu iko chini kabisa, wa mbali imepanda juu. Na kamba hiyo ilipita kwenye urefu wa macho yangu mimi.

Nilimweleza fundi. Alijua kwamba barabara huwa nyembamba kadiri inavyokwenda mbali na kwamba nguzo za mbali huwa fupi, alishachora hivyo kwenye mabango. Hili la vichwa hakuwahi kulisikia.

"Wanawake wa Michenga wote ni wa urefu mmoja?"

"Si sawa kabisa, lakini ni watu wazima."

"Basi tutaona."

Tulikuwa na kazi Mkula, kuandika duka. Tulipomaliza tulisimama kandokando ya barabara ya Kidatu, mahali iliponyooka, tukawatazama watu wakitoka shambani. Fundi alinyoosha mpini wa brashi mbele ya jicho moja, ulale. Wote waliokuja kwa miguu vichwa viliupanda ule mpini na kubaki hapo, kuanzia wakiwa nukta hadi walipotupita wakitusalimu. Alipita mwenye baiskeli, kichwa kikawa juu kidogo. Alipita mzee aliyepinda mgongo, kikawa chini.

Fundi alichuchumaa. Akanyoosha tena mpini.

"Sasa wote wamepanda juu," alisema. "Wamekuwa majitu." Alibaki amechuchumaa muda mrefu, watu wakimshangaa. Kisha akaniambia, "Fundi mdogo, leo umenilipa ile brashi." Sikuwa nimewahi kusifiwa hivyo na mtu asiye mama yangu.

Msimu wa mavuno nilikwenda Michenga nikakaa. Mpunga ulishapigwa, umerundikwa kwenye turubai, na upepo wa alasiri ulikuwa unashuka vizuri kutoka milimani. Mama mkubwa alikuwa anapepeta. Alijaza ungo, akauinua juu ya kichwa, akauinamisha kidogo kidogo, mpunga ukawa unashuka kama maji na makapi yanakwenda pembeni. Nilijua papo hapo kwamba ndivyo nitakavyomchora mama. Hakukuwa na kazi aliyoipenda kama hiyo.

Nilichora nimesimama. Nilichora sana, kaki baada ya kaki. Mstari wa mwili niliupata, lakini aliyetoka alikuwa mwanamke mdogo anayepepeta chini ya milima mikubwa, mmoja kati ya wengi, wa kutazamwa na mpita njia. Sikuona kosa liko wapi. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa turubai, anakula muhogo, akaniita nimmenyee kipande. Nilikaa chini kando yake. Nikainua macho.

Mama mkubwa alikuwa amepita milima. Ungo wake ulikuwa mbinguni. Kutoka pale chini miguu yake ilikuwa minene kama nguzo, na mpunga ulianza kushuka kutoka mahali ambapo mtu hafiki. Nilikumbuka kwamba nami nilikaa hapo, nikiwa mdogo, ukingoni mwa turubai, na kwamba mdogo wangu alilazwa hapo hapo kwenye kanga msimu mmoja, mama akipepeta, kabla hajafa. Mwanawe alimwona akiwa hapo. Hakumwona kwa urefu wa macho yangu. Nikaushusha ule mstari wa vichwa hadi magotini pa mama, nikaanza upya.

Lilibaki la kumtofautisha na dada yake. Mama mkubwa anapepeta miguu yote miwili imeshika ardhi. Mama hakuwa hivyo. Nilijua hakuwa hivyo, ila sikukumbuka alivyokuwa. Basi nikamwomba mama mkubwa ungo, nikasimama penye turubai nikapepeta mwenyewe, nikijaribu mwili kama mtu anavyojaribu funguo. Nilipouweka uzito wote mguu wa kulia, na wa kushoto nikauacha ugusie kidole tu, bega likajipandisha lenyewe, shingo ikageuka upande makapi yasiniingie machoni, na nikamjua. Ilikuwa mama. Alikuwa mgongoni mwangu na mikononi mwangu. Uso niliokuwa nautafuta miaka ile yote haukuwepo, na hapo haukuhitajika, maana hakuna mwanamke anayepepeta huku akikodolea macho ungo.

Niliuweka ungo chini nikachora kabla mkao ule haujaniacha.

Nilipaka rangi kibandani, kwenye kipande cha ubao mwembamba wa hadibodi alichonipa fundi, rangi za mafuta zilizobaki kwenye makopo ya mabango. Kijani cha milima kilikuwa cha duka la dawa za mifugo. Fundi alikuwa akinizunguka.

"Uso umeuficha," alisema.

"Sikuuficha. Anapepeta."

"Nikuwekee jicho moja tu? Ukingoni hapa?"

"Fundi, ukiweka jicho, makapi yataingia."

Alicheka, akarudisha brashi kwenye kopo. Mafundi baiskeli walikuja kutazama, na kwa mara ya kwanza hawakututania. Mmoja wao alisema tu kwamba upepo unatoka kushoto. Nilikuwa sijamwambia mtu upepo unatoka wapi.

Niliipeleka Michenga nyuma ya baiskeli, imefungwa shuka. Mama mkubwa alikuwa anachambua mboga. Niliiegemeza ukutani nikaifunua. Niliapa kwamba sitamwambia ni nani.

Alitazama. Mkono uliokuwa na mboga ulikaa hewani.

"Ataangusha ungo huyu," alisema. Sauti ilikuwa ya ukali, ile ya kumgombeza mdogo. "Nimemwambia mara ngapi, simama kwa miguu miwili. Nimemwambia tangu tuko wasichana. Hasikii." Kisha akajifuta uso kwa kanga, akaendelea kuchambua mboga, na majani mazuri akawa anayatupa pamoja na mabovu. Sikumwambia.

Mdogo wangu aliitwa. Aliambiwa huyu ni mama yako aliyekuzaa. Alisimama mbele yake akiwa kimo cha ile picha, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu, akagusa mpunga unaoshuka, akanusa kidole. Hakuuliza chochote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi na nilikuwa na majibu yake yote, nikaona nimebaki nayo. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Sikujua kama nimempa mama au nimempa ubao wenye rangi.

Jioni, kabla ya jua kuzama, nilimsikia mdogo wangu ndani na mtoto wa jirani.

"Nani huyu?"

"Mama yangu."

"Mama yako si yuko jikoni?"

"Ninaye na huyu."

"Mbona hana uso?"

"Anao. Ameugeuza." Akaendelea kwa dharau ya mtu anayejua. "Kwani mama yako wewe akipepeta anaangalia wapi?"

Mtoto wa jirani alifikiri. Nilimsikia akifikiri. Akasema hajui, atakwenda kumtazama.